Mstari wa Mwisho wa Tangazo

Msomaji kijana, siku moja, na yamkini siku hiyo haiko mbali, utasimama mbele ya ubao wa matangazo ya kazi. Huenda ikawa Wote, huenda ikawa mjini Kitui, au Mwingi, au Kibwezi. Matangazo hayo yote yafanana. Juu utasoma jina la ofisi yenye nafasi. Chini yake utasoma jina la kazi, kisha elimu itakiwayo, kisha miaka ya uzoefu, kisha orodha ya vyeti ambayo yatosha kumtisha hata yule aliye navyo. Mwisho kabisa, baada ya sanduku la posta na siku ya kufunga maombi, utakuta mstari mmoja usemao kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba.

Mstari huo ndio nitakaouhakiki hapa. Tumezoea kuhakiki mashairi, tamthilia na hadithi, tukadhani kwamba maandishi mengine yamesamehewa. Lakini tangazo la kazi nalo lina mwandishi na msomaji. Lina yasemwayo na yanyamaziwayo. Na sijui maandishi mafupi yasomwayo kwa moyo mzito kuliko hayo. Basi yafaa nayo yaulizwe maswali.

Kwanza tuutendee haki. Mstari huu haukuota kama uyoga baada ya mvua moja. Mwaka 1964, Kenya ikiwa bado changa katika uhuru wake, serikali iliunda kamati ya kuchunguza matunzo na mafunzo ya watu wenye ulemavu, na mwenyekiti wake alikuwa Ngala Mwendwa, mwana wa Kitui, aliyekuwa waziri katika baraza la kwanza. Kazi ya kamati ile ilifuatwa na waraka wa serikali wa mwaka 1968, na baadaye vikafunguliwa vituo vya kuwafundisha watu hao ufundi, kimojawapo kikiwa Machakos, jirani wa kaunti zetu mbili. Ikaja sheria ya mwaka 2003. Ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Ikaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 54 chataka, hatua kwa hatua, angalau watu 5 katika kila 100 wa vyombo vya umma, vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, wawe ni wenye ulemavu. Mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya mahali pa ile ya 2003, nayo ikamtaka hata mwajiri wa binafsi mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge fungu hilo hilo. Kwa hiyo mstari ule mfupi una miaka sitini nyuma yake ikiusukuma, na mtu asiudharau kwa ufupi wake.

Sasa tuusome. Neno lake kuu ni "wanahimizwa". Mtu ahimizwaye ni mtu adhaniwaye kuwa mzito au mwoga, ambaye akitiwa moyo kidogo atainuka. Mtoto mvivu huhimizwa asome. Mpagazi aliyechoka huhimizwa afike. Je, kijana atembeaye kwa magongo kutoka ng'ambo ya Mutomo, aliyemaliza shule kwa kubebwa mgongoni mwa nduguye wakati wa mvua, amepungukiwa na moyo? Nathubutu kusema kwamba anao wa kutosha yeye na ofisi nzima. Amepungukiwa na nauli, kwa kuwa matatu humtoza mahali pa mtu wa pili kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu. Amepungukiwa na habari pia: hajui kama ofisi iko chini au ghorofani, hajui kama choo kina mlango wa kupita kiti chake. Juu ya hayo tangazo limenyamaza. Hesabu mistari yake yote, utaona kwamba kila mmoja wasema mwombaji alete nini. Hakuna hata mmoja usemao ofisi imetayarisha nini. Na mstari wa mwisho, ambao ungalipaswa kuyasema hayo, nao unamtaka mwombaji alete kitu kingine zaidi, yaani ujasiri.

Nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu katika mji mmoja wa Makueni, ofisi sitaitaja. Kijana mmoja mwenye cheti cha hesabu aliitwa kuhojiwa. Mahojiano yalikuwa ghorofa ya pili, na lifti haikuwapo. Alipanda ngazi zile kwa magongo yake mawili, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa kazini, bahasha ya vyeti aliishika kwa meno. Alipofika juu shati lilikuwa limemganda mgongoni. Wazee wa meza ile walimpokea kwa upole, wakampa maji, na swali lao la kwanza likawa: "Mwanangu, kazi hii utaiweza?" Akatoa bahasha mdomoni, akaipangusa, akajibu: "Kazi niliyoisoma ni ya hesabu, mzee. Ngazi sikuziona katika tangazo." Mmoja wao alicheka, wengine wakatazama karatasi zao. Kazi hakuipata. Sitasema alidhulumiwa, kwa kuwa huenda aliyeipata alimzidi kwa hesabu. Lakini kila mwombaji mwingine aliulizwa mwanzo juu ya hesabu, naye aliulizwa mwanzo juu ya mwili wake, na muda uliotumiwa kwa swali hilo haukurudishwa.

Jibu lake lina uhakiki wote ninaoutaka. Kila kazi ina mambo mawili ambayo mazoea yameyashona pamoja hata tukayaona ni kitu kimoja. La kwanza ni kazi yenyewe: hesabu zitimie, nguo ishonwe, embe bovu litengwe na zuri. La pili ni desturi za mahali pa kazi: kwamba mtu hupanda ngazi, husimama mchana kutwa, husikia kengele, husoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwajiri hupima watu kwa hilo la pili, akidhani amewapima kwa la kwanza.

Twende Kalamba, ambako serikali ya Makueni ilifungua kiwanda cha kusindika maembe mwaka 2017. Kuchagua maembe ni kazi ya jicho, kiganja na pua. Mchaguzi huligeuza tunda, hulibonyeza kwa kidole gumba, huangalia alama ya nzi wa matunda, kisha huliweka kulia au kushoto. Katika hayo yote miguu haina kauli. Lakini nimeona mahali pengi pa kuchagulia mazao, masokoni na maghalani, ambapo watu husimama kwa saa nyingi kwa sababu tu meza ilitengenezwa ya kusimamia. Fundi seremala akiikata miguu ya meza hiyo urefu wa mkono, na viti vikaletwa, wataingia watu ambao jana tuliambiwa hawaiwezi kazi. Na wale wenye miguu mizima nao watashukuru jioni. Mtu asiyeona je? Rangi ya embe haioni, hilo ni kweli. Lakini ulaini huujua kwa vidole na wiva huujua kwa pua, na kupima mizani isemayo kwa sauti hakumshindi. Sisemi kila mtu aweza kila kazi. Nasema tuichambue kazi nyuzi kwa nyuzi kabla ya kutamka nani haiwezi.

Au twende Syongila, mjini Kitui, penye kiwanda cha nguo cha kaunti kiitwacho KICOTEC, kilichojulikana sana mwaka 2020 kwa kushona barakoa wakati wa maradhi ya korona. Fikiri ukumbi wa cherehani za umeme zinguruma zote kwa pamoja. Humo, msomaji, kila mtu ni kiziwi. Msimamizi akitaka jambo huashiria kwa mkono, huonyesha mshono, huinua vidole viwili au vitatu. Lugha ya ishara, ambayo Katiba yetu imeitambua, ingekuwa hapo ndiyo lugha bora ya kazi, na mwenye masikio ndiye angelazimika kujifunza. Hata hivyo ni vigumu kumkuta mwajiri wa cherehani asiyeanza kwa kusema, "Kiziwi tutaongea naye vipi?" Kuhusu miguu pia liko la kusema. Cherehani ya umeme huendeshwa kwa kanyagio, lakini kanyagio ni swichi tu. Fundi aweza kuihamishia mkononi, kwenye kiwiko au gotini. Chuma hakijali kimebonyezwa na kiungo gani.

Hapa nitavuka bahari kidogo, kwa kuwa kosa nitakalolitaja wenzetu walilifanya kabla yetu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1944, vita vikiwa havijaisha na majeruhi wakirudi kwa maelfu. Sheria ile ilimtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na watu 3 katika kila 100 waliosajiliwa kuwa wenye ulemavu. Nia ilikuwa njema. Lakini iliongeza jambo jingine: kazi mbili zilitengwa ziwe zao peke yao, nazo ni kuendesha lifti za abiria na kulinda magari maegeshoni. Tafakari uchaguzi huo. Katika kazi zote za ufalme mkubwa, zilizoonekana kuwafaa ni kubonyeza kitufe na kutazama magari ya wengine. Baadaye lifti zikawa za kujiendesha, abiria wakabonyeza wenyewe, na kazi iliyotengwa ikafa. Fungu lile la watu 3 nalo halikushikwa na waajiri wengi, mpaka likafutwa katika miaka ya 1990.

Tusiwacheke, maana nasi tulikuwa na lifti yetu. Kwa miaka mingi mtu asiyeona aliyepata elimu hapa kwetu, kama hakuwa mwalimu, alielekezwa kwenye meza ya simu. Wengi walikuwa hodari mno; walizijua sauti za wakubwa wote na nambari zao kwa moyo. Ila watu walizoea kuiona meza ile kuwa ndiyo dari yao. Zikaja simu za mkononi, ofisi nyingi zikaiondoa meza, na waliokuwa wameikalia wakawa kama wageni. Hivi leo zipo programu zisomazo kwa sauti maandishi ya kompyuta, hata asiyeona aweza kuandika barua, kupitia mkataba na kutunga taarifa. Crystal Asige, asiyeona, aliingia Seneti mwaka 2022, na mswada uliokuwa sheria mwaka 2025 yeye ndiye aliyeuwasilisha. 

Ndiyo maana naitazama hesabu ya watu 5 katika 100 kwa jicho la shukrani na la shaka pamoja. Nashukuru, kwa kuwa pasipo hesabu watu husema maneno mazuri bila mwisho. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa kama 2.2 katika kila 100 ya Wakenya wenye miaka 5 na zaidi, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopata fungu kubwa kuliko hilo. Basi hawakosekani wa kuajiriwa. Nina shaka, kwa kuwa hesabu haisemi watu hao wamekaa wapi. Ofisi yaweza kulitimiza fungu lake lote kwa mabawabu na wafagiaji, ikajisifu katika taarifa ya mwaka. Hesabu pia haimwoni yule karani ambaye macho yake yanafifia mwaka baada ya mwaka, naye huficha, hukariri majalada kwa kuogopa kugundulika. Yeye tayari yumo ndani ya ofisi. Ulemavu hauwaingii wazaliwa nao tu. Ajali ya bodaboda barabara ya Emali, kisukari au uzee waweza kumleta mtu yeyote katika fungu hilo, pamoja na mwandishi wa tangazo.

Juu ya gharama nitapita haraka, maana hoja hiyo husemwa kwa sauti kubwa kuliko uzito wake. Sheria ya 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe ndani ya miaka 5 tangu kifungu hicho kuanza kutumika, ikampa mwajiri wa binafsi unafuu wa kodi kwa nusu ya gharama alizoingia kurekebisha mahali pake. Na njia ya mteremko mlangoni ni nini? Ni saruji mifuko michache, kokoto na mchanga. Katika nchi yote, nani akose mchanga, Kitui na Makueni? Malori huuzoa katika mito yetu mikavu usiku na mchana, ukaenda Nairobi kujenga maghorofa ya watu na ngazi zake. Kidogo kingebaki nyumbani.

Lakini hoja nyingine ni nzito, nami sina budi kuikabili. Mtu ataniambia: wenyeji wengi wa kaunti hizi hawafanyi kazi katika ofisi za watu 20. Wanalima pojo na kunde, wanaponda kokoto, wanasuka vyondo, wanauza maembe kando ya njia kuu ya Mombasa. Sheria ya ofisi yawafaa nini? Asemaye hivyo asema kweli, na tangazo letu halina jibu kwake, kwa kuwa kazi hizo hazina ubao wa matangazo.

Hata hivyo hapo ndipo Wakamba walipo na jambo la kuwafunza waajiri wa mjini. Liko kundi liitwalo mwethya, ambamo majirani hufanya kazi pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule: kuchimba matuta ya kuzuia udongo, au kujenga kingo za mchanga mtoni ili maji yakae hadi kiangazi. Tazama siku ya kujenga ukingo. Mmoja avunja mawe, mwingine ateka maji, mwingine achanganya saruji, mwingine ahesabu mifuko, mwingine atunza daftari la waliohudhuria, mwingine apika, na yupo aongozaye wimbo ili mikono isilegee. Hakuna amwambiaye mtunza daftari abebe jiwe kwanza ili athibitishe kwamba aweza kuandika. Kazi imekwisha kugawanywa kabla watu hawajapimwa.

Nisije nikayapamba mambo ya kijijini kupita kiasi. Vijiji hivyo hivyo viliwahi kuwaficha watoto ndani wageni walipobisha hodi, kwa haya au kwa hofu ya kusemwa. Na mtoto aliyefichwa hakuiona shule, na asiyeiona shule hafiki kwenye ubao wa matangazo wala kwenye daftari la mwethya. Kwa hiyo wengi wa wale "wanaohimizwa" walizuiwa miaka ishirini kabla tangazo halijachapwa, na walimu wa shule za msingi wana sehemu katika jambo hili kubwa kuliko mameneja.

Neno moja juu ya majina, kwa kuwa wanafunzi huniuliza. Wapo wasemao kwamba kilema, kipofu na kiziwi ni maneno ya matusi kwa sababu yaanza na ki-, kama kiti na kisu. Hoja hii ni dhaifu. Kijana na kiongozi nao waanza hivyo. Lakini Katiba yataka mtu aitwe kwa namna isiyomshusha, na heshima huamuliwa na aitwaye. Akipenda kuitwa mtu mwenye ulemavu, au asiyeona, mwite hivyo, tena mwite kwa jina lake, ambalo ni rahisi zaidi. Nimeona ofisi zilizosahihisha majina yote katika barua zao, na ngazi zikabaki zilivyokuwa.

Mhakiki hulaumiwa kwamba hubomoa asijenge. Basi nitajaribu kuliandika tangazo upya, la kazi ile ile aliyoikosa kijana wa magongo:

"Anatakiwa karani wa hesabu za ghala. Kazi yake ni kupokea hati za mizigo, kuziingiza katika kompyuta, na kutoa taarifa kila Ijumaa. Awe na cheti cha hesabu. Ofisi iko chini, hatua arobaini kutoka stendi ya matatu, na mlangoni pana mteremko. Choo kiko upande huo huo na mlango wake ni mpana. Majalada ya zamani yako rafu ya juu, na mwenzake atamshushia. Mahojiano yatafanyika katika chumba hicho hicho cha kazi. Atakayehitaji mkalimani wa lugha ya ishara, karatasi za breli, au muda zaidi, aandike hivyo katika barua yake, naye atajibiwa kabla ya siku ya mahojiano."

Limezidi lile la kwanza kwa mistari michache, na mwenye gazeti atadai malipo ya mistari hiyo.